Mbegu Isiyoliwa: Mfuko wa Jamii na Mji Wetu wa Cyangugu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya washirika katika juma la maadhimisho, Kamembe, wilaya ya Rusizi

 

Ninawasalimu baba wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, mama zetu, vijana wa kwaya, na wageni waliovuka mto na ziwa kuja kufurahi pamoja nasi: wa Bukavu, wa Uvira, wa Cibitoke na Bujumbura. Ninawasalimu na wenyeji wa hapa, Gihundwe, Bugarama na Nyamasheke. Karibuni sana.

Komite iliniomba nizungumze juu ya jambo lisilosikika sana madhabahuni: namna mfuko wa jamii unavyoweza kuinua mji uliodhoofika. Wengine mtasema, leo ni sherehe, tuletee neno la furaha. Hili ni neno la furaha, ila lina kazi ndani yake. Mnajua kwamba Jumapili, kabla hatujaagana, tutaulizwa sadaka ya maadhimisho iende wapi. Ningependa tufike kwenye swali hilo tukiwa tumekwisha kufikiri.

MJI TUNAOUOMBEA

Tuanze na Cyangugu yenyewe. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka. Mji wa chini, ukingoni mwa ziwa, karibu na daraja la Rusizi. Palikuwa na biro za prefekitire, maduka, hoteli, depo za bidhaa. Mtu wa Bukavu aliweza kuvuka asubuhi, akanunua, akarudi kula kwake mchana.

Mwaka 2006 serikali ilipanga upya mikoa na wilaya. Mkoa wa Cyangugu ukaisha. Zikazaliwa Rusizi na Nyamasheke ndani ya Mkoa wa Magharibi, na makao ya mkoa yakawa Karongi. Wenye biro walipoondoka, yule aliyekuwa akiwauzia chai naye akaondoka. Aliyekuwa akiwashonea nguo akafuata. Biashara, ambayo tayari ilikuwa inaipenda Kamembe, ikapanda kilima moja kwa moja. Kule chini nyumba nyingi zikabaki na milango imefungwa.

Halafu Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ikatetemeka, watu wakiwa kwenye ibada. Upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30, na wengine wao walifia kanisani. Bukavu nao walizika. Wapo kati yetu waliozika ndugu zao juma lile, tunawakumbuka.

Na mwezi Machi 2020 ikaja Korona, mpaka ukafungwa. Sisi wa huku tunajua maana ya mpaka kufungwa. Mama wa nyanya, mama wa sambaza, mama wa maziwa, hawa hawana akiba ya benki. Mtaji wake ni ule uliofungwa kwenye ncha ya kitenge. Siku akikosa kuvuka, anaanza kuula mtaji ule pamoja na watoto. Mpaka ulipofunguliwa, njia ilikuwepo, miguu ilikuwepo, lakini cha kubeba kichwani hakikuwepo.

Lazima tuseme na mema. Mpango wa serikali wa mwaka 2013 uliichagua Rusizi iwe mmoja wa miji sita ya kusaidiana na Kigali, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare. Tumeona lami, tumeona taa barabarani, tumeona soko la mpakani. Tunashukuru. Lakini wapendwa, barabara haimpi mtu mtaji. Soko zuri ambalo mtu hana cha kuuza ndani yake ni paa tu. Kuna sehemu ya kuinua mji ambayo serikali inaifanya, na kuna sehemu inayowasubiri wenye mji. Ni hii ya pili ninayoizungumzia.

MFUKO WA JAMII NI NINI?

Msichanganye na vitu tulivyonavyo tayari. Tunavyo ibimina; ng'ambo wanaita likelemba, Tanzania wanasema upatu, Kenya wanasema chama. Ni vizuri sana. Lakini kile kinarudi kwa yule aliyechanga. Zamu yako ikifika unapokea, basi. Tunayo Umurenge SACCO, nayo inamkopesha mwanachama wake. Tunayo sadaka, nayo inaendesha kanisa. Na tumeona miradi ya mashirika: gari jeupe linakuja, miaka mitatu inapita, gari linaondoka, bango linabaki linakula kutu.

Mfuko wa jamii ni kitu kingine. Mwenyewe ni mji. Watu wengi, maskini na matajiri, wanaweka kidogo kidogo mahali pamoja. Kile kilichowekwa hakiliwi. Kinawekezwa, na matunda yake ndiyo yanayotumika kwa ajili ya mji, mwaka hata mwaka, hata sisi tukiwa tumekwisha kulala kaburini.

Mnataka mfano? Tazameni sambaza. Samaki huyu mnayemla kila siku hakuwa wa Ziwa Kivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vyake vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika vikamwagwa humu. Hebu fikirini wale waliovibeba wangefika hapa ufukweni wakasema, "Jamani, tuna njaa, tuwakaange." Wangeshiba jioni moja. Badala yake waliviachilia majini, na leo Bukavu inakula, Goma inakula, Gisenyi inakula, Cyangugu inakula. Na mpaka leo, huku Rwanda, kila mwaka uvuvi wa sambaza unasimamishwa kwa muda ili samaki wazaane. Mvuvi analalamika, lakini anajua kwa nini. Hiyo ndiyo kanuni ya mfuko wa jamii: kuna cha kula na kuna cha kuachia majini. Mnanielewa? (Ndiyo.)

WENZETU WALIFANYAJE?

Mfuko wa kwanza wa namna hii duniani ulianzishwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na mwanabenki mmoja, Frederick Goff. Aliona matajiri wanakufa na kuacha mali imefungwa na wosia wa zamani, wosia ambao haukujua shida za watu walio hai. Akasema, tuweke chungu kimoja cha mji mzima, na kamati ya raia iangalie kila kizazi kina shida gani.

Mji ule baadaye ulipata taabu sana. Ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, viwanda vikafungwa. Mwaka 1969 mto wake ulikuwa mchafu hata ukashika moto. Desemba 1978 mji ulishindwa kulipa madeni yake kwa mabenki. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 900,000. Kufikia 2010 walibaki chini ya 400,000. Kwa hiyo msifikiri Wazungu hawajui nyumba zenye milango imefungwa.

Sasa sikilizeni walichofanya. Ule mfuko ulikaa pamoja na hospitali kubwa na chuo kikuu cha mji, wakaulizana: sisi tunanunua vitu kila siku, tunavinunua kwa nani? Hospitali zina mashuka kila siku, nani anayafua? Mwaka 2009 ikafunguliwa dobi kubwa kwenye mitaa ya maskini, wafanyakazi wakiwa ndio wenye mali. Hawakuanza kwa kutafuta mtaji wa kufungua biashara halafu waombee wateja. Walianza na mteja ambaye tayari yupo mjini. Je, Cleveland imepona kabisa? Hapana, umaskini bado upo. Lakini watu ambao hakuna aliyetaka kuwaajiri walipata kazi, na kazi hiyo ikawa mali yao.

Turudi karibu. Kenya, tangu mwaka 1997, wana mfuko unaoitwa KCDF. Ulianza kwa msaada wa wafadhili wa nje, ila wazo lake ni kwamba jamii yenyewe ijenge akiba yake. Jamii inafungua mfuko wake chini ya KCDF, inachanga, fedha ya msingi inawekezwa, na faida inakwenda kwenye kazi waliyoichagua wenyewe, kama kusomesha watoto. Na hapa kwetu Rwanda, mwaka 2012, wafadhili walipozuia misaada, ulizinduliwa Mfuko wa Agaciro, raia wakachangia. Ule ni wa taifa. Lakini ulitufundisha kwamba hata mwenye faranga mia tano ana heshima ya kutoa.

CYANGUGU INGEFANYAJE?

Tuanze na swali lile la mashuka. Tunazo hospitali, Gihundwe na Mibilizi. Tunazo shule za bweni. Tunazo hoteli za kando ya ziwa. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kiko Bugarama, na mashamba ya chai yako Shagasha na Gisakura. Hawa wote kila asubuhi wananunua kitu: mkate, mayai, sabuni, sare, mboga. Wananunua kwa nani? Ni kipi kinachopita Nyungwe kwenye lori kutoka Kigali wakati kingeweza kutoka mikononi mwa mama wa Mururu? Mimi sikuja na orodha. Nataka vijana wetu waliosoma wachukue kalamu, wazunguke mwezi mmoja, watuletee orodha hiyo. Kazi hiyo haihitaji hata faranga.

Ya pili ni mtaji wa mama wa mpakani. Tufanye hesabu pamoja, hesabu ya mfano tu. Watu 400 wakiweka faranga 500 kila mwezi, ni 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000. Kwa miaka mitano bila kugusa ni 12,000,000. Tuseme zimewekezwa mahali salama zikaleta asilimia 10. Hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka. Theluthi moja, 400,000, tunairudisha kwenye mbegu, maana bei za vitu zinapanda na mbegu isipoongezeka inakonda. Zinabaki 800,000. Tukimpa mama mmoja 50,000, ni mama 16.

Nasikia mtu anasema, "Kumi na sita tu? Na mji mzima huu?" Ndiyo, kumi na sita. Lakini wakirudisha pole pole, bila riba, wanapata wengine kumi na sita. Na mwaka unaofuata faranga 800,000 nyingine zinakuja bila mtu kupiga magoti kwa mfadhili. Haba na haba, wapendwa. Mji wetu wa chini haukufungwa siku moja. Ulifungwa mlango mmoja mmoja, na utafunguliwa hivyo hivyo.

Nehemia aliporudi Yerusalemu, someni sura ya tatu. Wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Lakini angalieni walio humo: wafua dhahabu, watengeneza marashi, wafanyabiashara, na baba mmoja aliyejenga pamoja na binti zake. Na wengi wao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta wa mji ulisimama kwa sababu kila mmoja alishika kipande kilicho mbele ya mlango wake.

MASWALI MAGUMU

Sitaki kuwadanganya. Yapo mambo yanayoweza kuua mfuko huu kabla haujaota.

La kwanza ni uaminifu. Tuseme wazi, watu wengi wamechanga mahali wakaona fedha zinapotea. Kwa hiyo mtu akisikia neno "mfuko", anashika mfuko wake. Wana haki. Hata kanisa la kwanza lilipata manung'uniko juu ya ugawaji wa chakula cha wajane. Someni Matendo sita. Mitume hawakuwaambia watu wanyamaze kwa kuwa viongozi wamepakwa mafuta. Walichagua watu saba wenye sifa njema wakawakabidhi kazi ile. Na Paulo, aliposafirisha mchango wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alitaka waende na watu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, nani kati yetu hawahitaji?

Kwa hiyo naomba kanuni tano. Akaunti ya mfuko isichanganywe na ya kanisa hata siku moja. Usajiliwe kwa sheria, kwa RGB, usiwe kitu cha kwenye daftari la mtu. Hesabu zisomwe hadharani kila miezi mitatu, na anayetaka kuona karatasi aonyeshwe. Aliye kwenye komite, na wa nyumba yake, asipokee kitu kutoka mfukoni. Na mbegu isiguswe miaka mitano, hata kama paa la kanisa linavuja.

Hapo kwenye paa najua nimewagusa. Kila mmoja anajua makanisa mengi nchini yalifungwa mpaka yatimize masharti ya majengo, na washirika wamechangishwa mpaka wamechoka. Wachungaji wataniuliza, "Ndugu, tumalize choo na maegesho kwanza, au tuanze mfuko?" Ninaheshimu swali hilo. Jibu langu ni kwamba mshirika aliyeishiwa hawezi kumaliza jengo lolote. Tukiendelea kukamua ng'ombe bila kumlisha, tutapata wapi maziwa? Siombi sadaka yote ya maadhimisho. Naomba fungu la kumi la sadaka hiyo liwe mbegu ya kwanza.

La pili: mfuko wa mji ni wa mji. Mkatoliki aingie, Msabato aingie, Mwislamu wa Kamembe na wa Bugarama aingie, kwenye kutoa, kwenye kupokea na kwenye komite. Najua wengine wanasita hapo. Lakini Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni wautafutie amani mji walimokaa, tena mji wa watu wasiomjua Mungu wao. Amani ya mji ule ingekuwa amani yao. Tetemeko la 2008 halikuuliza mtu anasali wapi. Njaa ya 2020 nayo haikuuliza.

La tatu ni la wageni wetu. Ndugu wa Bukavu anaweza kusema, "Mimi nina shida zangu. Kwa nini nichangie Cyangugu?" Swali zuri. Injili yenyewe ya Kipentekoste ilifika hapa Gihundwe mwaka 1940 kwa wamisionari wa Uswidi waliokuwa wametangulia kufanya kazi Kongo. Kwa hiyo sisi wa huku tuna deni la zamani kwenu, na si mimi nitakayewadai. Ninachoomba ni kila mji uwe na mfuko wake, kwa sheria za nchi yake na kwa fedha yake. Bukavu na wake, Uvira na wake, Bujumbura na wake. Tusijaribu kuwa na chungu kimoja juu ya mipaka mitatu. Kitavunjika siku mpaka utakapofungwa. Tuvushe ujuzi: hesabu zenu tuzisome, zetu mzisome, na mwenye kosa asahihishwe na jirani. Na siku ya janga, kama Antiokia ilivyowakumbuka ndugu wa Uyahudi wakati wa njaa, mwenye kitu atajua pa kukipeleka na mtu wa kukipokea.

TUAMUE NINI?

Nimalizie hapa, maana naona mama wa jikoni wananiangalia. (Kicheko.)

Jumapili mtaulizwa mambo matatu. Je, fungu la kumi la sadaka ya maadhimisho liwe mbegu ya mfuko wa mji? Je, tuchague watu saba, wanaume kwa wanawake, na angalau wawili wasiwe wa ushirika wetu, wa kuandika kanuni na kuzipeleka kusajiliwa? Je, vijana wapewe mwezi mmoja kuleta ile orodha ya vitu ambavyo mji unanunua mbali?

Msiseme ndiyo kwa sababu msemaji amesema vizuri. Nendeni mkaulizane usiku huu, mume na mke, mama na binti, mzee na kijana. Mkiona si wakati, semeni hapana, na tutaendelea kuwa ndugu. Lakini mkisema ndiyo, basi kila mmoja aje Jumapili na kitu mkononi, hata kama ni sarafu ya faranga mia. Miaka ijayo watoto wetu watakapofanya maadhimisho mengine, nisingependa wasome gazeti hili wakute picha zetu tumependeza, halafu wakishuka kule chini wakute milango ile ile imefungwa.

Mungu aubariki ushirika wetu. Aibariki Cyangugu, aibariki Bukavu, aibariki miji yote ya ziwa na ya mto huu.

Bwana asifiwe! (Ameni.)